Nusu Iliyoruka

Kisu cha kumenyea ndizi ndicho kilichokuwa karibu.
Kidonge nikakilaza juu ya sinia, nikakata.
Nusu ikabaki, nusu ikaruka
chini ya kabati la vyombo, kwenye giza la mende.
Nikapiga magoti pale Njoro, saa kumi na mbili asubuhi,
kwa tochi ya simu natafuta kitu kidogo kuliko kunde,
nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaacha.
Iliyobaki nikaimeza kwa uji.
Ndivyo nilivyorudi.

Kurudi kuna aibu yake.
Mwaka juzi nilianza kama mgeni, sijui mlango wala dirisha.
Safari hii kila chumba nakijua:
huku kichefuchefu, kule miayo isiyo na usingizi,
hapa ulimi mkavu kama gunia.
Niliacha mwezi wa tatu, mvua zilipoanza,
kwa kuwa nilikuwa mzima, na mzima ale dawa ya nini?
Daktari Kaaya hakunigombeza. Aliandika.
"Nusu, siku saba. Halafu nzima. Kula kwanza.
Wiki za mwanzo zitakuonea. Zivumilie, hazikai.
Lakini ikikujia fikra ya kufa, usingoje kliniki.
Nipigie, hata usiku."

Kazi yangu ni kuonja kahawa.
Vikombe thelathini mezani, kijiko, unavuta kwa kishindo, unatema.
Siku ya tatu mkono ulitetemeka, kijiko kikagonga meno.
Harufu niliyokua nayo kihambani kwa bibi, Old Moshi,
ikanipanda kooni kama deni.
Vikombe vyote vikawa na ladha moja, ya sarafu.
Cha kumi na nne nikakipa themanini na tatu
kwa sababu Elifuraha alikipa themanini na tatu.
Nilichungulia kadi yake. Mungu anisamehe.

Saa tisa za usiku moyo unashona.
Unashona nini, moyo? Nguo ya nani, ya haraka hivi?
Dawa ya wasiwasi inaniletea wasiwasi:
umemwita fundi bomba,
naye anaanza kwa kufungulia maji nyumba nzima.
Shuka limelowa. Nampigia Ndeanasia.
Dada yangu haniambii nijikaze,
haniambii fulani aliombewa akapona.
"Leo ya ngapi?"
"Ya tano."
"Haya. Ya tano tuimalize."
Tukaongea bei ya nyanya,
na mbege ya kipaimara cha mwanawe, nani ataipika,
na shangazi yule, aalikwe au asialikwe,
mpaka dirisha likawa kijivu
na mlima haupo, wingu tupu.

Siku ya nane, kidonge kizima.
Tangawizi kwenye chupa, biskuti kavu mfukoni.
Nikamwambia Elifuraha bila kumtazama,
"Nimerudi kwenye dawa."
Akasema, "Ahaa."
Kisha akasogeza ndoo ya kutemea
upande wangu, kwa mguu,
akaendelea kuandika.

Siku ya kumi na mbili nililala saa tano mfululizo.
Si kupona. Ni saa tano;
nilizihesabu mara mbili, kama chenji ya sokoni.
Siku hiyo kikombe cha tisa,
nyuma ya sarafu, mbali,
kilikuwa na kitu kama limau changa.
Nikavuta tena. Ilikuwepo.
Nikaandika namba yangu mwenyewe.

Jana mikono ilitetemeka tena. Sijui kwa nini.

Leo Jumamosi nimesogeza kabati nifagie.
Nusu ile ipo, imevaa vumbi
na unywele wangu mmoja.
Nimeiweka kiganjani, nyepesi, haina uzito wowote,
nikaiuliza: na wewe
ulikuwa unakimbia nini?